Friji ya Buruburu

Dira la zambarau lilikuwa moja, wateja wawili. Mama mmoja alilishika mkono, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi akalishika pindo, na watu wa Jumamosi ya Muthurwa wakawa wanawasukuma wote mgongoni. Shamsia aliinuka kwenye kiti chake cha plastiki, leso ya manjano ikimteleza begani, akawanyang'anya na kuligeuza ndani nje.

"Liachieni nyote. Lina tundu hapa kwapani. Siuzi."

Yule mama akasonya, akaenda zake. Kijana akabaki.

"Tundu lenyewe hata halionekani, dada."

"Mimi nimeliona. Unamnunulia nani, mke?"

"Mama yangu."

"Wote husema mama."

Kijana akacheka hadi mwanya ukaonekana. "Basi nichagulie jingine la huyo mama unayemtilia shaka. Naitwa Jamil. Fundi wa friji."

"Mimi sina friji."

"Utakuwa nayo."

Wiki iliyofuata akarudi, na nyingine tena, mpaka mama yake akawa na madira mengi kuliko wanawake wote wa Pumwani. Kufikia mwezi wa nne, Yumna, binti wa Shamsia wa miaka mitatu, alikuwa akimwita Anko Friji na kumlalia begani kama mto. Jamil akasema wazee wake wataleta barua ya posa Jumapili ya mwisho ya mwezi. Mama Shamsia akaanza kufua mapazia ya nyumba yao ya Umoja.

Shamsia alitaka kufurahi. Lakini baba Yumna naye, wakati wake, alikuwa na safari za Nakuru kila wiki, na zile safari ziliishia Kayole, kwenye nyumba yenye mke mwingine na sofa mpya. Tangu hapo Shamsia hakuuliza mwanamume mara mbili alikokwenda. Aliuliza mara moja tu, halafu akalisikiliza lile jibu kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi.

Na Jamil, tangu msimu wa mpira uanze, kila Jumamosi alikuwa na jibu moja: friji ya Buruburu. Simu yake ilizimwa saa tisa, ikawashwa saa kumi na moja.

"Mamii, hiyo friji ya Buruburu ina milango mingapi?" Wakiuru, jirani yake wa kibanda aliyeuza viatu, alimuuliza Jumatatu moja. "Juzi nilikuwa kwa sista wangu, mtaa wa Tena. Nimemwona Jamil wako kwa uwanja, nyuma ya goli, peke yake, kofia imeshuka hadi kwa pua. Nikamwita. Akajifanya ni mti."

"Labda alipita tu."

"Na Kware je, alipita tu? Wiki jana nilienda kupeleka viatu, nikamwona akipanda ngazi na yule Phelister wa chapati. Huwa naenda tu zangu, lakini macho sijayafunga, my dear."

Jioni ile Shamsia akapiga simu, Yumna akimvuta kitambaa.

"Habibi, Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Si nilikwambia, roho yangu? Buruburu. Friji ileile."

"Bado haijapoa?"

"Kaidi kama wewe."

Alicheka. Shamsia hakucheka. Mchuzi haukuwa na chumvi.

"Na kesho?"

"Kesho pia. Hukohuko."

Jumanne alasiri alivaa buibui jeusi, akafunika uso akaacha macho, akaenda Kware, akaulizia kwa Phelister wa chapati. Nguo zilitundikwa toka ghorofa hii hadi ile, zikidondosha maji shingoni mwa wapitaji. Kwenye ghorofa ya nne mlango mmoja ulikuwa wazi, na ndani alimwona Jamil, amepiga magoti mbele ya friji iliyofunguliwa, bisibisi mkononi. Mwanamke mwenye unga hadi viwikoni alikuwa akicheka.

"Mayai ni ya ndugu yangu Ochola. Akikosa mayai asubuhi nyumba haikaliki. Lakini fundi, hiyo friji mbona unaiangalia ndani tu? Injini si iko nyuma?"

Shamsia akafunua uso. "Friji ya Buruburu imehamia huku lini, Jamil?"

Bisibisi ikaanguka.

"Na wewe ni nani?" Phelister akauliza.

"Mimi ni mjinga anayefuliwa mapazia ili Jumapili aposwe." Aliitazama friji. Ilikuwa inavuma vizuri, barafu imejaa juu. "Hii friji ni nzima. Sasa unatengeneza nini hapa?"

Jamil alimtazama Shamsia, akamtazama Phelister.

"Shamsia, nitakueleza. Si hapa."

"Eleza hapahapa, hata huyu dada asikie!"

Jamil akainama kuokota bisibisi. Hata Phelister sasa alikuwa ameshika mwiko wa chapati kama mtu aliye tayari kuutumia. Shamsia akashuka zile ngazi bila kushika popote.

Jamil alipiga simu mara kumi na moja. Ya kumi na mbili ndiyo Shamsia aliyoishika.

"Nipe siku kumi tu, mpenzi. Zikiisha nitakwambia kila kitu."

"Baba Yumna naye aliomba siku kumi. Waambie wazee wako wasije."

Kesho yake asubuhi, kabla Muthurwa haijachangamka, Jamil alikuwa kibandani. Shati halikupigwa pasi. Alitoa daftari lililofunikwa kwa plastiki akaliweka juu ya madira.

"Friji natengeneza asubuhi, ni kweli. Lakini kuna timu kubwa, jina hata wewe sikutajii, inapeleka vijana wake kwa mkopo kwenye timu ndogo za mitaa. Mechi za mwanzo wa msimu mimi ndiye macho yao. Naandika nani arudishwe, nani aachwe. Sharti ni moja: asijue mtu. Kijana akijua anatazamwa, anaacha kucheza na wenzake, anamchezea mtazamaji. Ripoti yake inatupwa."

"Na Phelister?"

"Ni dada wa Ochola, winga wa timu ya Tena. Namtazama mara mbili uwanjani, ya tatu nyumbani. Friji ya mtu haidanganyi, Shamsia. Nikiifungua najua anakula nini na nani anamjali. Nilimwambia napima friji za jengo zima bure. Jana ningesema ukweli pale, yule kijana angepoteza nafasi. Amebakisha mechi moja."

"Hadithi nzuri. Umeitunga usiku?"

"Soma."

Akasoma. *Ochola. Kasi ipo. Akipoteza mpira hushika kiuno, hukaa hivyo kama anayesubiri basi. Akikimbilia kuurudisha, arudishwe nyumbani. Asipokimbia, aachwe.* Akafungua kurasa za nyuma. Ya mwisho ilikuwa na jina lake.

*Shamsia. Mara ya kwanza: amekataa kuuza dira lenye tundu ambalo hakuna aliyeliona. Mara ya pili: anapima kitambaa kwa mkono mmoja, mtoto amelala kwenye mwingine, na sentimita hazikosei. Mara ya tatu, nyumbani:* Hapo palikuwa patupu.

Masikio yake yalipata moto. "Kwa hiyo na mimi ni mchezaji? Ulikuwa unanikagua?"

"Ni tabia ya kazi. Nilirudi kwa sababu... sikujua njia nyingine ya kumtazama mtu."

"Daftari yeyote anaweza kuandika. Liache hapa."

Jamil alisita. Mle ndani mlikuwa na msimu wake mzima.

"Ukimwonyesha mtu, Shamsia..."

"Najua. Liache."

Akaliacha, akaondoka mikono mitupu.

Jumamosi Shamsia alienda mtaa wa Tena, Yumna mgongoni, daftari ndani ya mkoba. Hakusimama nyuma ya goli. Alisimama upande wa pili, penye vumbi, ambapo aliweza kuiona ile kofia bila kuonekana. Ochola alikuwa kijana mrefu mwenye soksi moja iliyoshuka. Dakika chache tu, akanyang'anywa mpira. Akashika kiuno. Vilevile! Kama mtu wa stendi.

"Wee! Si wewe ndiye uliyekuja kwangu na fujo?"

Phelister alikuwa ubavuni mwake, kikapu cha machungwa mkononi.

"Samahani, dada. Niliingia kwako vibaya."

"Samahani weka kando. Niambie ukweli, yule fundi alikuwa anatafuta nini kwa friji yangu? Tangu siku ile silali. Nataka kumpeleka kwa chifu."

Mkoba ulikuwa mzito ghafla. Neno moja tu, na Phelister angempigia ndugu yake kelele palepale kando ya mstari. Shamsia alimpangusa Yumna vumbi usoni, akitafuta muda.

"Anataka kuninunulia friji," akasema. "Hajui aina. Anazunguka akichungulia za watu wanaojua kupika. Akaona aibu kusema."

Phelister alimkodolea, kisha akacheka mpaka chungwa likadondoka. "Wanaume! Si angeuliza tu?"

Ulikuwa uongo wa kwanza wa Shamsia kwa muda mrefu, na haukumwasha kooni kama alivyotarajia. Uwanjani Ochola akapoteza mpira tena. Mkono ukaelekea kiunoni, ukaghairi. Akakimbia. Alikimbia nusu ya uwanja, soksi imeshuka, akaupata mpira miguuni mwa beki, na kule nyuma ya goli kofia moja iliinuka kidogo. Mkono wa Jamil ukapapasa mfuko wa shati, hapo daftari lilipokuwa likikaa. Haukukuta kitu. Akabaki anatazama tu.

Saa kumi na moja simu yake ikawashwa. Shamsia ndiye aliyepiga.

"Ochola wako amekimbia," akasema.

"Ulikuwepo?"

"Daftari njoo ulichukue, uandike kabla hujasahau. Na wazee wako waambie mapazia yamekauka."

Wazee walikuja kesho yake na barua yao, wakala mahamri, wakaaga. Jamil, aliyewasindikiza, aliomba maji. Shamsia alimwona akisimama jikoni, akiangalia meza yenye vitabu vya darasa la jioni, alilosoma Shamsia baada ya soko, na sahani ya Yumna iliyofunikwa. Hapakuwa na friji ya kufungua.

Kwa desturi, jibu huandikwa na upande wa mke na kupelekwa baada ya wiki. Hili aliliandika Shamsia mwenyewe; mjomba wake Zubeiri alilipeleka Pumwani kwa kina Jamil, akavaa miwani, akasoma mbele ya watu wote kwa sauti ya hutuba, akikwamakwama:

"*Jamil. Mara ya kwanza, Kware: amenyamaza alipotakiwa kusema. Mara ya pili, Tena: ametazama mechi bila daftari lake, kwa sababu alikubali kuliacha. Mara ya tatu, nyumbani kwetu: amekunywa maji, ameosha bilauri mwenyewe. Uamuzi: asajiliwe.*" Mzee akageuza karatasi. "*Hatatolewa kwa mkopo.*" Akavua miwani. "Mkopo gani tena huu, jamani?"

Jamil alikuwa tayari ameshika simu, anacheka, anafuta macho, na kule Umoja Shamsia akaiacha iite mara tatu kabla ya kuishika.