Mngurumo wa Kona ya Mwisho

Jamani, rafiki yangu fundi wa kompyuta aliitwa kazini Jumapili mchana, peke yake jengo zima, maziwa yakimjaa kifuani, maana kichanga chake kilibaki kwa mama mkwe. Akazipa seva zote, kompyuta kuu za ofisi, amri moja: zibadilishe mipangilio kwa pamoja, zijizime, naye aende zake. Taa ya chumba chao kisicho na dirisha ilikuwa imeungua, hivyo vijitaa vya mashine vilipozimika, giza likawa totoro. Ila mashine moja ikaendelea kuunguruma.

"We mwanangu, mtoto analia, au umeolewa na mashine?" mama mkwe akafoka simuni.

"Naja, mama, imebaki moja tu, kichwa ngumu!"

Simu sikioni, akaufuata mngurumo kwa kupapasa mpaka kona ya mwisho. Ulitoka kwenye rafu tupu, bila mashine, bila waya. Akatuliza kiganja juu yake. Ilikuwa na joto, kama godoro ambalo mtoto ameinuliwa juu yake sasa hivi.