Pumziko la Taa Nyekundu

Kila akitoka shule, Kitinda alipitia karakana ya mama yake, akafagia vipande vya nyaya, kisha akaingia chumba cha nyuma. Humo mlikuwa na mashine ya shangazi ya kutotolesha vifaranga, ikiongozwa na kisanduku cha kijivu. Programu ya kisanduku hicho iliandikwa na baba kabla hajafariki. Taa nyekundu ilipowaka, joto lilipanda. Ilipozima, joto lilipumzika. Kitinda aliitazama kama anayesikiliza baba akipumua.

"Vipuri vyake havipatikani tena," mama alimwambia. "Naihamishia programu kwenye kompyuta hii ndogo ya Linux. Kazi ya baba yako itabaki, inahama nyumba tu."

Kitinda aliweka kiganja juu ya kisanduku. Moyoni aliona wanamzika baba mara ya pili.

Siku ya jaribio, mama alikuwa amelala chini ya meza akiunga nyaya. "Mwanangu, leo macho yako ndiyo yangu. Taa ikizima, inapumzika kama zamani?"

Taa ilizima, ikawaka tena kufumba na kufumbua. Kitinda aliona vizuri. Alijua pia kwamba kifaa kipya kikishindwa, kisanduku cha kijivu kitarudishwa.

"Inapumzika, mama."

Shangazi akapanga mayai yake huku akicheka. "Wifi, vifaranga vikitoka vinajua kompyuta, sichinji hata kimoja!"

Asubuhi iliyofuata hakucheka. Alipasua yai moja, limeiva. Akapasua jingine, vilevile. Akaketi juu ya ndoo. "Mayai yangu yote," alisema kwa sauti ndogo.

Mama alijiinamia. "Kosa langu, wifi. Nimeiharibu kazi ya marehemu."

Maneno hayo yalimchoma Kitinda. "Mama, si wewe! Niliiona taa haipumziki. Nilidanganya ili kisanduku cha baba kirudi." Akaangua kilio.

Hakuna aliyemkaripia. Mama alifuta macho, akaifungua programu, akaisoma mstari kwa mstari.

"Hapa," alisema. "Baba yako aliifanya mashine ihesabu namba bure, na joto lipumzike mpaka imalize kuhesabu. Kisanduku cha zamani kilihesabu kama mzee anayepanda ngazi. Hiki kipya kinamaliza kabla hujakohoa."

Akafuta kule kuhesabu, akaiamuru mashine isubiri kwa kufuata saa. Kitinda akaitazama tena taa.

"Bado, mama... bado... sasa!"

Shangazi alimvuta karibu. "Hata mimi namlilia kaka yangu. Lakini lile pumziko aliliweka ili mayai yasiungue. Wewe umeficha ukweli kwa kumpenda, ukaunguza kile kile alichokilinda. Ukimpenda aliyekufa, mwanangu, usimsemee uongo."

Kisha akainua ndoo ya mayai yaliyoharibika.

"Shika huku, nami nishike huku. Tukayafukie."