Makaburi ya Malale

Kila asubuhi Delphine alianika chisense, samaki wadogo wa ziwa Mweru, mbele ya nyumba yake Nchelenge. Mumewe François alikuwa akivua upande wa kisiwa cha Chisenga. Zamani Delphine alifanya kazi akiimba. Sasa alikaa kimya. Binti yake Keren, wa miaka minne, alikuwa amekufa kwa malaria mwezi uliopita.

Jirani yake Mwaba, mhudumu wa afya, alikuja.

“Mama Keren, leo tunapeleka bamama kuona makaburi ya malale. Twende.”

“Ba Mwaba, miye niko na kaburi yangu. Inatosha.”

Mwaba hakuondoka. Alimsaidia kuanika mpaka samaki wakaisha. Basi Delphine akambeba mgongoni mwanawe mdogo, Gloire, wakaenda pamoja.

Makaburi yalikuwa mlimani, mbali kidogo na maji. Mawe tu katika majani.

“Zaidi ya miaka mia iliyopita, malale iliua batu bengi huku,” Mwaba alisema. “Nzi anamuuma mutu. Homa inaanza, kisha usingizi, kisha kifo. Wagonjwa waliletwa hapa. Mama alileta mutoto, akarudi mikono mitupu. Si kwamba hakumupenda. Dawa ya kumuponyesha haikukuwako.”

Delphine alisimama mbele ya kaburi fupi.

“Na dawa ya malaria, iko ku kliniki?”

“Iko.”

“Hata ile wiki ya Keren?”

Mwaba alitazama chini. Hakutaka kumdanganya.

“Ilikuwako, mama.”

Delphine aliketi kwenye majani.

“Siku ya kwanza alikuwa moto,” alisema. “Nikamupatia kidonge ya kichwa. Mangaribi akacheka. Nikasema imeisha. Siku ya pili moto ikarudi, nikasema tungoje. Siku ya tatu akashikwa na degedege.”

Mwaba alimshika mkono.

“Hakuna mutu alikufundisha. Sikia sasa. Homa ya mutoto haingojewi. Siku ileile unamuleta. Tunamutoboa kidole, tunapima damu. Kama ni malaria, tunakupatia dawa. Unamupatia asubuhi na mangaribi, siku tatu. Hata akipona, unamaliza yote.”

Delphine alilia njia nzima ya kurudi.

Mvua zilipoanza, siku moja saa sita mchana, Gloire akakataa kunyonya. Delphine akamgusa shingo: moto. Hakungoja François. Alifunga kitenge, akatembea haraka mpaka kliniki.

Ilikuwa malaria. Alimpa mtoto dawa asubuhi na jioni. Siku ya pili Gloire alikuwa akicheka, lakini Delphine hakuacha. Alimaliza dawa yote.

Siku ya nne mtoto alikuwa akitambaa uani, anafukuza kuku. François akacheka. Akageuka kumwangalia mkewe, akamkuta amefunika uso kwa mikono.

“Unalia nini? Mutoto amepona!”

“Ndiyo, amepona,” Delphine alisema. “François, kumuponyesha Keren haikukuwa ngumu. Kumbe haikukuwa ngumu hata kidogo.”

François akaketi karibu naye.