Mapanga Mapya ya Alute

Upepo wa Mkalama hauombi ruhusa. Mwezi wa Agosti huingia ndani kabla ya mgeni, huinua vumbi, hupiga mabati makofi.

Kristina aliutumikisha. Alisimama uwanjani, akainua ungo, akamwaga mtama polepole. Makapi yakaruka mbali. Mtama safi ukabaki miguuni pake.

"Hata mimi nitautumikisha," alisema mumewe, Alute.

Alute alikuwa fundi wa mizinga ya nyuki. Mwezi mzima alikuwa akichonga mapanga matatu ya mtambo wa upepo, ili apate umeme. Kristina alishona sare za shule kwa mwanga wa kibatari, na moshi ulikuwa unamla macho. Alute alikuwa ametoa mizinga sita yenye nyuki, akapewa dainamo moja ya kufua umeme. Ikiharibika, hana nyingine.

Kila panga lilikuwa na urefu wa mita mbili. Urbano, jirani yake, alipita akacheka.

"Baba Derick, hayo ni mapanga au mabawa ya ndege? Nyumba itaruka mpaka Itigi!"

"Wivu huo, Urbano. Kesho kutwa utakuja kuchaji simu hapa, tena kwa adabu."

Vijana wa kijijini wangekuja kesho yake kusimamisha nguzo. Jioni hiyo alifika Radhia, fundi umeme kutoka Singida mjini, kufunga betri na nyaya.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, binti."

Radhia aliigeuza dainamo, akasoma kibati chake. Akayatazama mapanga. Akalipima moja kwa hatua.

"Sema basi," Alute alisema. "Umeyapenda?"

"Uchongaji wako unanishangaza, baba. Lakini yakipanda kesho, yataiunguza dainamo."

Hasira ilimpanda Alute. Mwezi mzima! Na huyu mtoto wa juzi!

"Binti, mzinga mkubwa hutoa asali nyingi. Panga refu hukamata upepo mwingi. Nimekosea wapi?"

"Hapo hujakosea. Ila hujajua ni mwingi kiasi gani. Mama, naomba mtama, madebe manne."

Radhia alitandika turubai kubwa. Akashika kamba ya mita moja, akachora duara kwa mkaa. "Hapa ndipo panga la mita moja linapopita." Kristina akamwaga debe moja, akalisambaza. Duara likajaa.

Radhia akairefusha kamba ikawa mita mbili. Akachora duara la pili, likilizunguka lile la kwanza.

"Baba, hili litajaa kwa madebe mangapi?"

"Umeongeza mara mbili. Basi mawili."

Kristina akamwaga la pili. Bado. Akamwaga la tatu. Bado turubai lilionekana. Alipomaliza la nne, duara likajaa.

Alute alipiga magoti. Alipitisha kiganja juu ya mtama kama anayepapasa mnyama asiyemjua.

"Manne," alinong'ona. "Kamba mara mbili, madebe manne!"

"Na hapo upepo ni uleule," Radhia alisema. "Kasi ya upepo ikiwa mara mbili, nguvu yake inakuwa mara nane."

"Nane?" Kristina alishika kiuno. "Ndiyo maana siku nyingine ungo unataka kunitoka mikononi!"

"Dainamo hii ina tumbo dogo, wati mia tatu. Kwa upepo wa hapa, mapanga ya mita moja yanaishibisha. Ya mita mbili yanaipasua. Ya nusu mita yataiacha na njaa."

"Basi nitayakata nusu."

"Hapana, baba. Ncha ndiyo inayokimbia sana na kuchota nguvu nyingi. Shina ni nene, kazi yake kushika. Ukikata ncha, umebaki na shina."

Alute aliyatazama mapanga yake. Yalikuwa mazuri, laini kama ngozi. Kisha akainuka.

"Mama Derick, waambie vijana wasije kesho. Naanza upya."

Siku kumi alichonga mapanga ya mita moja. Urbano alicheka siku zote kumi. Radhia alirudi, akayapima mapanga yote matatu uzito, Alute akiyakwangua, mpaka yakalingana. Akaweka mkia wa bati, wa kuyageuza mapanga ubavu upepo ukizidi.

Nguzo ilisimama mchana. Upepo ukaja. Mapanga yakaanza taratibu, yakakazana, mpaka hayakuonekana tena. Likabaki duara la ukungu linalovuma angani. Ndani, taa ikawaka nyeupe. Kristina akashika mdomo. Alute akatoka nje, akatazama juu. Upepo uliompita tangu azaliwe ulikuwa umebeba haya yote?

Wiki ile ilikuja dhoruba iliyong'oa mabati ya watu wawili. Mkia ukajikunja, mapanga yakageuka ubavu, yakapumzika. Asubuhi yakazunguka tena.

Urbano alikuja na simu yake, kwa adabu. "Baba Derick, niambie urefu wa mapanga yako. Nami nataka kuchonga."

"Wangu hautakusaidia," Alute alisema. "Nenda kalete dainamo yako kwanza, tusome inakula kiasi gani."