Katoni za Mwezi wa Machi

"Tumbawe, lori limevuka mpaka wa Lunga Lunga. Liache lipite. Lifuate hadi ghalani."

Sauti ya redioni ilikuwa ya mkuu wake, Mangi; Tumbawe lilikuwa jina la siri la Musyoki, jasusi wa idara isiyo na kibao mlangoni. Alikanyaga mafuta. Probox ikanguruma.

Mbele yake lori jeupe la Isuzu lilikuwa linakimbilia Msambweni na katoni arobaini za vidonge vya magendo. Vidonge vya kutibu vidonda na homa. Nusu dawa, nusu unga wa muhogo.

Mwezi wa Machi alipewa amri hiyo hiyo, na Mangi huyo huyo. Alitii. Alisimama kizuizini akawapungia mkono wapite. Katoni zikaingia madukani. Mkubwa wa magendo, waliyetaka kumnasa ghalani, hakuonekana.

"Dawa nusu haiui vijidudu vyote," Hafsa wa maabara alimweleza baadaye. "Dhaifu hufa. Vilivyostahimili hubaki, vikazaana. Kizazi kipya kila nusu saa, kaka. Sasa tunavyo ambavyo hata dawa kamili haviijali."

Mwezi wa Juni dada yake, Kavenya, alijikata mguu kwa jembe kule Shimba Hills. Alinunua vidonge dukani. Pakiti ya Machi.

"Nimemeza vyote," alimwambia kwenye simu. "Sikuacha hata kimoja."

Hospitalini alipewa dawa kamili. Haikufua dafu.

Alizikwa Ijumaa.

"Tumbawe, jibu."

"Nimesikia."

"Utaliacha?"

"La."

Bastola yake, Glock, ilitoka dirishani. Risasi moja. Tairi la nyuma.

Lori liliyumba, likaingia mtaroni. Dereva, Lewis, akaruka chini na bastola. Musyoki alikuwa ameshafika. Kiwiko kimoja kooni. Bastola ikaanguka mchangani.

Alipasua katoni, akaweka kidonge ndani ya kipima dawa, kifaa kidogo kama simu.

Taa nyekundu: dawa pungufu.

Lewis alicheka, pingu mikononi. "Bosi, si ni wewe ulitupungia mkono Machi? Nilidhani uko upande wetu."

Musyoki alikirudisha kipima mfukoni.

Redio ikakoroma. "Umetupotezea mkubwa wao, Musyoki. Miezi minane ya kazi."

"Andika jina langu kwenye ripoti."

"Nitaandika pia kwamba umeokoa watu."

"Hiyo usiandike."

Polisi walipofika kulinda katoni, alipangusa vumbi kwenye miwani, akamfungulia Lewis mlango wa Probox.

"Tunaenda kituoni?"

"Kwanza Shimba Hills. Kuna mama atataka kujua ulikuwa unabeba nini."

"Mama nani?"

"Wangu. Alimzika binti yake."

Lewis aliinama kuingia garini. "Na wewe je? Anajua kwamba ulituachia?"

Musyoki alizima redio, akawasha gari.

"Mimi ndiye nitakayeanza kusema."