Picha za Tagi, Newala Bila Maji

"Kipanga, picha zimetoka?"

Muharami Chitanda, kachero aliyeitwa Kipanga redioni, aliibana redio koli kinywani.

"Bado, Mkuu."

"Lori linaondoka leo. Tagi linang'oa nanga jioni. Unanisoma?"

"Nakusoma."

"Basi acha kusoma, fanya kazi!"

Muharami alitukana kimoyomoyo, na alikuwa na haki. Wiki nzima alijifanya mwendawazimu wa kupiga picha vyombo vya kazi bandarini Mtwara: matishari, boti za kuchimba mchanga, na hasa tagi, yale maboti mafupi yenye vifua vipana yanayovuta meli kubwa. Walinzi walimcheka, wakamwacha. Kumbe kamera yake ya Nikon ililenga tagi moja tu, lililokuwa likipakia pembe za ndovu za Alfredi, mnunuzi wa korosho aliyenenepa ghafla tangu biashara iwe ruksa.

Pembe zilifichwa ndani ya nini? Umbali uliishinda hata darubini. Picha ikikuzwa ndiyo ingesema.

Danieli, fundi mitambo wa tagi hilo, ndiye aliyewatonya. Yeye wa chini kwenye injini, alijua tu kwamba mzigo unatoka Newala. Sasa alikuwa mahabusu, watu wa Alfredi wamemtupia kipande cha pembe mkobani. Shehena ya leo ikipita, Danieli atafungwa na Alfredi atakula korosho zake kwa raha.

Tangu alfajiri Muharami alisimamisha malori njia ya Tandahimba, akapekua gunia baada ya gunia.

Korosho.

Korosho.

Korosho tena!

Akakimbilia kwa Mama Lois, mwenye studio ya picha jirani na soko la Newala.

"Shikamoo, Mama Lois. Nisafishie mkanda huu, sasa hivi."

"Marahaba, mwanangu. Dawa ninayo, jenereta ninalo. Maji sina."

"Hata ndoo moja?"

"Ndoo moja! Wewe mgeni hapa? Kisima changu cha mvua kimebaki tope. Subiri wanaoteka maji bondeni, watarudi jioni."

Jioni!

Muharami alibisha hodi nyumba kwa nyumba. Msikitini, dumu la udhu lilikuwa limefungwa kwa mnyororo. Hotelini walimwambia hata chai imekwisha. Mtu ana bastola ya Browning kiunoni, ana darubini, ana redio ya Motorola, kashindwa na ndoo ya maji! Alitamani kulia kwa hasira.

Akarudi studio, akaupiga mlango teke.

"Usinivunjie, baba," alisema Mama Lois. "Hata mimi nimekasirika. Sasa hivi limepita lori la Isuzu limejaa mapipa, maji yanachuruzika. Nimelikimbilia na ndoo, dereva ananiambia ni maji ya Masasi, hayauzwi. Nnungu wangu, ee Mungu! Roho mbaya gani ile?"

Muharami aliganda.

"Linaelekea wapi?"

"Si nimekwambia? Linashuka Masasi."

Maji hupandishwa Newala, juu mlimani, kutoka mabondeni. Tangu azaliwe Chiungutwa, hakuwahi kusikia mtu anayeyashusha. Na kutoka Masasi kuna njia nyingine ya Mtwara, isiyopita Tandahimba.

Pikipiki yake ya Honda ikanguruma.

Alilipita Isuzu kwenye kona za mteremko, akailaza pikipiki katikati ya barabara. Breki zikalia. Alfredi, aliyekaa kando ya dereva, akapeleka mkono kiunoni.

Browning ikawahi. Tairi la mbele likapasuka.

"Mikono juu!"

"Unazuia maji ya watu?" alifoka Alfredi.

"Watu gani?"

Muharami alipanda, akazamisha mkono ndani ya pipa hadi begani. Akagusa kitu kirefu, kilichopinda, kimeviringishwa nailoni.

"Mkuu, mzigo ninao, na mwenyewe ninaye. Mtoeni Danieli."

Askari wa Masasi walipofika walitaka kumwaga mapipa.

"Atakayemwaga hata kikombe," alisema Muharami, "nitamfunga pingu na Alfredi."

Pembe zilitolewa moja moja, tairi likabadilishwa, na lori likapanda tena Newala. Wanawake walilipokea kwa vigelegele na ndoo. Ndoo ya kwanza ilikwenda kwa Mama Lois.

Alitoka chumba cha giza ameushika mkanda kwa vidole viwili. Ulikuwa mweupe mwanzo hadi mwisho.

"Mwanangu, ulipouweka, uliunasa kwenye kigurudumu cha kuuvuta?"

Kumbe mkanda haukusogea hata kidogo ndani ya kamera. Wiki nzima ya jua na kuchekwa, na hakuna tagi hata moja!

Redio ikakoroma. "Kipanga, picha zimetoka?"

"Danieli je?"

"Ametoka. Yuko kwa mkewe."

"Basi, Mkuu."

Akazima redio. Akaufunga ule mkanda mtupu kwenye usukani wa Honda, akanywa kikombe kimoja cha maji, akaondoka bila haraka.