Jibu la Kufunzwa

Kipungani nzima yajua: mikono ya Bi Zakiya ikisuka ukili wa mkeka, mdomo nao hutoa methali. Lakini mwezi ule methali ilikuwa moja tu, asubuhi na jioni.

"Haba na haba?"

"Hujaza kibaba," akajibu mwanawe, Mukhtar.

"Maana yake?"

"Vitu vidogo vikikusanywa huwa vingi."

"Mashallah! Kamwambie muuguzi vivyo hivyo."

Mukhtar alikuwa akitibiwa ugonjwa wa akili. Alisikia sauti za watu wasiokuwepo. Mwezi uliopita, kliniki, muuguzi Umulkheir alimuuliza maana ya methali hiyo. Mukhtar akasema, "Kibaba chetu kimevunjika." Lo! Bi Zakiya aliona haya. Mwanawe yeye, ashindwe na methali?

Siku ya kliniki ikafika. Umulkheir akauliza tena. Mukhtar akajibu kwa pumzi moja.

"Vizuri!" akasema Umulkheir, akiandika. "Naona amepata nafuu. Nitamshauri daktari ampunguzie dawa."

Moyo wa Bi Zakiya ukapiga paa. Wapunguze? Na jana tu Mukhtar alikuwa akijibizana na ukuta!

"Nisamehe, Bi Umulkheir. Jibu hilo nimemfunza mimi. Sauti yuwazisikia bado."

Umulkheir akaweka kalamu. Hakukasirika.

"Bi Zakiya, huu si mtihani wa chuoni. Methali ina maneno ya juu na maana ya ndani. Akili ikiugua, mara nyingine hushika ya juu tu. Nataka kusikia Mukhtar anavyofikiri mwenyewe. Ukimfunza, unanifumba macho."

"Na asiyelelewa na methali, je?"

"Huyo simhukumu kwazo. Ndiyo maana nauliza pia usingizi, kazi na sauti. Methali peke yake haimpimi mtu."

Daktari akabadilisha dawa. Bi Zakiya akaacha kufunza, na wallahi, haikuwa kazi rahisi! Kila siku akamuuliza mwanawe amelalaje, amesikia nini. Kliniki akayasema yote bila kuficha.

Miezi mitatu ikapita. Sauti zikapungua sana. Umulkheir akauliza methali nyingine: "Mwenye kovu usidhani kapoa."

Bi Zakiya akajiuma ulimi asimtajie jibu. Mukhtar akamtazama mamake.

"Ni kama mamangu," akasema taratibu. "Watu humuona yuwacheka, wakadhani ni mzima. Lakini nilipougua mimi, na yeye aliumia. Bado hajapoa."

Hilo hakufunzwa na mtu. Bi Zakiya akajifunika uso kwa buibui, akalia.